Kikohozi Kilichonipinda Mgongo

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kitandani, umeegemea gunia la maganda ya mahindi kwa sababu ukilala chali unahisi unazama, basi ni wewe ninayekuandikia. Mimi si daktari. Waliojaribu kunieleza ugonjwa huu niliwaelewa nusu, nusu nyingine ikapotea katika kukohoa. Nitakuambia tu yaliyonipata na waliokuwa nami, ili siku vidole vyako vikibadilika rangi na watu wa nyumbani wakaanza kutazamana, ujue kuna mtu aliyepita hapo.

Jina langu ni Rasoa. Mume wangu, Wekesa, alinioa huku Bungoma nikiwa msichana, tukaenda kukaa kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Kachibora, katika vilima vya Cherangany. Yeye aliendesha ng'ombe wa plau, mimi nikapalilia mahindi. Pareto ilipoletwa, wanawake tulipelekwa kuchuma maua, na baadaye mimi na wengine wachache tukawekwa katika nyumba ya kuyakaushia. Maua yalitandazwa kwenye trei za waya, na chini yake moto wa kuni uliwaka mchana kutwa. Tuliona ni bahati. Nje baridi ya Cherangany inauma mpaka kwenye meno, ndani kuna joto. Tuligeuza maua, tukapiga chafya, tukacheka. Jioni nilirudi nyumbani nikainama tena juu ya mafiga yangu, katika chumba kisicho na dirisha, kama nyumba zote za kambi zilivyokuwa.

Kikohozi kilikuja kama mgeni wa msimu. Kilifika na mvua ndefu, kikaondoka mahindi yakianza kukomaa. Mwaka mwingine kikakaa mpaka mavuno. Kisha kikaacha kuondoka. Kila asubuhi nilikohoa mpaka machozi, nikatema, ndipo nikaweza kumsalimia mtu.

Pumzi nayo iliniacha kidogo kidogo. Mto ulikuwa bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa mlima. Nilianza kusimama katikati nikijifanya natengeneza ngata kichwani. Wenzangu walipita. Baadaye nikawa nasimama mara nyingi hata uongo wa ngata haukutosha. Nilikuwa mwanamke mnene; nikakonda mpaka pete ya ndoa ikadondoka kwenye unga nikiwa nasonga ugali, tukaula ugali jioni hiyo tukiitafuta kwa meno.

Halafu siku moja, kwa jirani, nikaona kikombe changu kimetundikwa peke yake kwenye kigingi. Walinimiminia chai humo na kunipa kwa mkono ulionyooshwa mbali. Nilijua wanadhani ni kifua kikuu. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Wekesa alinipeleka Kitale kwa lori la mahindi. Tulikaa kwenye benchi la hospitali ya serikali tangu asubuhi. Kila nilipokohoa, benchi lilisogea. Mwishowe upande wangu ulibaki mtupu, isipokuwa mama mmoja wa Kikuyu aliyekuwa na mtoto mwenye homa. Yeye alimfunika mtoto uso, akabaki pale pale.

"Kaa tu, mama," aliniambia. "Hakuna mtu anapenda kukohoa."

Sikumwona tena maishani. Mpaka leo namwombea.

Walinipa kikopo cha kutemea, wakatuambia turudi wiki nyingine kwa majibu. Wiki hiyo ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Wekesa alinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari. Nilipanga moyoni nani atamwambia binti yetu Nafula, aliyeolewa Kimilili, na nani atachukua shuka zangu au kama zitachomwa. Tuliporudi, dresa, yule mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alituita kwa jina.

"Si kifua kikuu," alisema. "Tumeangalia vizuri. Lakini mama, hiki kifua chako kimezeeka kuliko wewe mwenyewe. Hiyo kazi ya moshi, acha."

Wekesa alicheka peke yake njia nzima. Tulipofika kambini alikwenda moja kwa moja kwa yule jirani, akatoa kikombe kigingini, akaomba chai, akainywa mbele ya wanawake wote. Kisha akakirudisha katikati ya vikombe vingine.

Lakini kuacha kazi ya moshi ilikuwa ni kuacha kazi yote. Nilijaribu kupalilia, nikaanguka kwenye mfereji. Na mvua ziliporudi ndipo miguu ikaanza kuvimba. Jioni ilikuwa imejaa kama viazi vilivyolowekwa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Maji yakapanda magotini, mapajani, tumboni. Wanawake walinong'ona kwamba nina mimba ya uzeeni, wengine wakasema nimewekewa kitu. Nililala nimekaa. Moyo ulinipiga mbavuni kama mtu anayebisha mlango na anajua wenyewe wako ndani.

Nyapara alikuja mavuno yakiendelea. Hakuja kwa ubaya, alisimama nje akachezea kofia yake.

"Wekesa, unajua sheria ya hapa. Nyumba ni ya mtu anafanya kazi na bibi yake anafanya kazi. Bwana amesema mahindi yakiisha, mama atoke. Wewe unaweza kubaki, tunakutaka."

"Abaki nani?" Wekesa aliuliza.

"Wewe."

"Basi hujaniambia kitu," alisema mume wangu, akaingia ndani kufunga mizigo.

Tuliondoka shamba likiwa na mabua matupu. Lori lilitupokea Kitale kuelekea Misikhu, ambako kaka mkubwa wa Wekesa, Barasa, alikuwa na boma lake. Niliketishwa juu ya magunia, Wekesa akanishika kiunoni. Karibu na Kamukuywa gurudumu likaingia shimoni. Halikuwa shimo kubwa. Abiria wengine walicheka. Mimi nilisikia ndani ya mgongo wangu kitu kikivunjika kama kijiti kikavu, kisha maumivu yakanizunguka mpaka kifuani. Nilitaka kupiga kelele lakini pumzi ya kupiga kelele sikuwa nayo.

"Mama Nafula, ni nini?"

Sikuweza kujibu. Kila nilipotaka kukohoa, mgongo ulikataa, na nilipokizuia kikohozi, kifua kilijaa. Nilifika Misikhu nimekunja ngumi, kucha zimeingia viganjani. Barasa alinitazama usoni mara moja, akamwambia dereva asizime gari. Tukaendelea mpaka hospitali ya misheni, Lugulu.

Daktari alikuwa mzungu mzee mwenye Kiswahili cha polepole. Alisikiliza kifua, akasikiliza moyo kwa muda mrefu zaidi, akabonyeza miguu, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo mpaka nikaruka. Nilikuwa nimekwenda na mgongo. Yeye alinirudisha kwenye kifua.

"Mapafu yamechoka," alisema. "Moyo unasukuma, unasukuma, sasa na moyo umechoka. Maji yanabaki miguuni."

"Na mgongo?" aliuliza Wekesa. "Alikuwa amekaa tu, daktari. Hakuanguka."

Daktari alimwambia dresa wa hapo kitu, naye akatueleza kwa Kibukusu. Miaka ya kukonda, ya kukaa ndani bila jua, bila kutembea, yote hiyo ilikuwa imenila mifupa. Ilikuwa kama punje iliyoingiwa na fukusi: nje nzima, ndani unga. Shimo moja la barabara lilitosha.

Nililia siku hiyo. Nilidhani nina ugonjwa mmoja, kumbe ulikuwa umeshazaa.

Sindano ya kwanza ilinikojoza mchana kutwa. Utacheka, lakini sijawahi kuona rehema kama ile. Nilikuwa nikishuka kitandani kwenye kopo na kupanda tena, mgongo umefungwa kitambaa kigumu, nikiuma shuka kwa maumivu, na bado namshukuru Mungu kwa kila tone. Kufikia sindano ya tatu miguu yangu ilionekana tena. Ngozi ilining'inia kama gunia lililomwagwa. Na nilipovaa gauni langu la kanisani ili nirudi nyumbani, pindo likaburuta chini. Nilidhani gauni limechanika mabegani. Muuguzi akaniambia taratibu kwamba gauni ni lile lile, mimi ndiye niliyefupika.

Tulipewa vidonge vya moyo na masharti. Nisile chumvi, hata ile yetu ya majivu tunayoiita musherekha. Nisikae penye moshi. Nikae juani kila asubuhi, nitembee kidogo hata kama nasikia uchungu, ninywe maziwa, nile omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na mifupa yake. Na kila wiki nirudi kwa sindano. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi. Nilikuwa na sindano ya kupanda wimbi, sindano ya kupalilia, sindano ya kumbikumbi.

Sasa nikuambie ugumu ulipokuwa. Haukuwa kwenye sindano.

Mke wa Barasa aliitwa Naliaka, nami nilimwita Mama Juma. Alikuwa na watoto wake, ng'ombe wake, shamba lake. Sasa akawa na mgonjwa pia. Alipika chungu cha watu na chungu changu kisicho na chumvi. Alichota maji yake na yangu. Siku moja nikiwa nimekaa juani nyuma ya nyumba nilimsikia akimwambia mumewe:

"Si mimi pia niko na mgongo? Nitapika mbili mbili mpaka lini? Ati moshi usimfikie, ati chumvi isimfikie. Na mimi moshi unifikie tu?"

Sikumkasirikia. Alikuwa amechoka, na alisema kweli.

Barasa alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa, anayetaka kila kitu kikae mahali pake. Baada ya chai ya asubuhi alimwita mdogo wake barazani. Mimi nilikuwa ndani, mlango wazi.

"Wekesa, nyumba bila mtu wa kupika si nyumba. Kuna mjane mmoja hapo Misikhu, mtu wa adabu. Mchukue. Mama Nafula abaki mke mkubwa, aheshimiwe."

"Na kanisa?"

"Kanisa halipiki, bana."

Nilingoja jibu la mume wangu. Nilimsikia akiweka kikombe chini, basi. Siku nzima hakunitazama, na mimi sikumwuliza. Nilijiambia ana haki. Nilijiambia mwanamke asiyeweza kubeba mtungi hana la kudai. Moyo wangu, ambao daktari alisema usisumbuliwe, ulikimbia tangu asubuhi mpaka jioni.

Siku ya soko waliondoka pamoja, yeye na Barasa, wamevaa mashati safi. Nilikaa juani wakati jua linapanda. Nilihesabu uzao wangu: Nafula, na wale watatu waliobaki katika udongo wa Kachibora. Nilifikiria huyo mjane atalala wapi, na kama atakuwa mkarimu. Nilifikiria kurudi kwa ndugu zangu, nikakumbuka kwamba siwezi kufika hata kwenye lango.

Barasa alirudi peke yake. Alipita mbele yangu bila hata salamu ya "mulembe", uso umevimba kwa hasira. Ndipo nikajua jambo limetokea, ila sikujua ni lipi.

Wekesa alikuja baadaye, mgongo umeloa jasho. Mkono mmoja alibeba sufuria mpya, mwingine kifurushi cha omena na mwiko. Aliviweka chini, akachukua mawe matatu, akayapanga mbali, upande ambao upepo unachukua moshi kwenda shambani.

"Baba Nafula, unafanya nini?"

"Napika."

"Watu wataona."

"Wana macho, waone."

Barasa alitoka nyumbani kwake kama mtu aliyechomwa na nyuki. "Wewe! Ulisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, baba yetu akakuita mwanamume. Leo unamkataa mjane, unashika mwiko mbele ya wake zetu?"

Wekesa hakuinuka. Alikuwa akipuliza moto, macho yanatiririka machozi ya moshi.

"Kisu kilinifundisha kuvumilia, kaka. Kama si kwa siku kama hii, kilikuwa cha nini?"

Ugali ule ulikuwa na madonge, ndani unga mkavu. Nilikula wote.

Usidhani mambo yalinyooka. Walimwita Mama Wekesa. Wanaume walimnyamazia kanisani. Siku moja maziwa yalimwagikia motoni, akautupa mwiko mpaka kwenye migomba, akakaa chini kichwa mikononi. Barasa hakula nasi wala hakutusalimia tangu kupalilia mpaka mahindi yalipotoa mbelewele.

Baridi ya katikati ya mwaka ilikuja na mvua isiyokoma. Asubuhi moja Wekesa alikwenda Lugulu kuchukua vidonge vyangu vilivyokuwa vimekwisha. Naliaka alikuwa mtoni. Kikohozi kilinishika kikabadilika, kikawa kizito, kisha kikakosa sauti. Niliangalia kucha zangu zikawa rangi ya zambarau. Nilimwona mama yangu amesimama mlangoni, naye alikufa nikiwa mdogo, nikamwambia aingie asinyeshewe.

Aliyekuwa mlangoni ni Barasa. Sijui alikuja kwa nini. Nasikia alipiga kelele mpaka majirani wakaja na kitanda cha kamba. Waliponilaza juu yake, dunia ikafungika. Nilipigapiga mikono kama kuku aliyechinjwa. Majirani walinishika wakidhani nimepandwa na pepo.

"Msimlaze!" Barasa alisema. "Mtoeni! Huyu akilala anakufa, si mnaona?"

Aliingia kwake akatoka na kiti chake, kiti chenye mikono ambacho hata wanawe hawakukigusa. Walikifunga kwenye miti miwili, wakanifunga mimi kwenye kiti kwa shuka, mgongo umeegemezwa kwa mto wa kitanda chake. Wanaume wanne wakainua. Barasa alikuwa mbele kulia, nilimjua kwa shingo yake. Njia ilikuwa matope matupu. Kijito kilikuwa kimejaa mpaka kiunoni mwao, wakaniinua juu ya vichwa, na nikamsikia akiwafokea: "Polepole! Mifupa! Mnasahau mifupa!"

Siku zilizofuata nazikumbuka vipande vipande. Sindano. Mvuke wa dawa chini ya shuka. Mkono wa Wekesa, ambaye walikutana naye kwenye lango la hospitali na vidonge mfukoni. Barasa alikaa kwenye benchi la nje na nguo zake zenye matope, na kila muuguzi aliyepita alimwuliza, "Bado anapumua?" Walipomwambia ndiyo, alikaa tena.

Niliporudiwa na akili vizuri, mtu wa kwanza niliyemwona ni Naliaka, amebeba chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Hakuna chumvi hata punje," alisema. "Nimeonja. Ni mbaya sana."

Nilicheka, na kucheka kukaniuma mgongo, na yeye akalia.

Sasa mvua hizo zimepita, na nyingine baada yake. Sikupona, nisikudanganye. Kifua hakirudi, na mgongo umebaki na nundu ambayo watoto huitazama wakidhani sioni. Lakini natembea na fimbo mpaka kanisani, nikipumzika mara nyingi, wala sijifichi nikipumzika. Wekesa anapika. Ugali wake sasa ni laini kuliko wa wanawake wengi, ila usimwambie.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa juani nikisikia Naliaka akipika ndani kwake. Jiko lake ni kama yote ya zamani, mlango mmoja mfupi, moshi unatafuta njia kwenye nyasi za paa. Alikohoa. Alinyamaza, akakohoa tena, akatema, akavuta pumzi yenye filimbi mwishoni.

"Mama Juma, hicho kikohozi kina muda gani?"

"Ni baridi tu. Kitaisha mahindi yakikomaa."

Nilichukua fimbo yangu. Kwetu mwanamke hamwendei shemeji mkubwa barazani kwake kumpa amri, lakini nilikwenda, nikasimama mbele yake mpaka nikapata pumzi ya kusema.

"Shemeji, mimi sina la kukulipa. Lakini mkeo anakohoa kama nilivyoanza mimi. Toboa huo ukuta leo. Usingoje kesho."

Barasa alinitazama sana. Kisha akamwita Wekesa, wakachukua jembe na panga, wakaanza kugonga udongo juu ya mafiga. Naliaka alitoka akipiga kelele kwamba nyumba yake inabomolewa, na mvua itaingia, na kuku wataingia, na wakwe watasema nini. Hawakumsikiliza. Kipande kikubwa cha ukuta kilianguka nje, vumbi likatulia, na jua likaingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe.

Naliaka alichungulia. Aliingia polepole, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama kiganja. Kilikuwa cheusi kama lami.

"Mayi, mama yangu," alisema, sauti imeshuka. "Na hii yote nilikuwa nameza?"